Mtoto mmoja, karatasi tatu, majina matatu

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi mbele ya wauguzi, wakunga, matabibu na wazazi wenye watoto walio na alama au uvimbe wa mishipa ya damu. Wengi hamkuweza kufika mkaniomba niiweke yote, basi nimeiweka kama nilivyoisema, zile picha za ukutani tu ndio nimeziacha.

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Wa nyuma mnanisikia? Haya. Wenye watoto wachanga wakilia msitoke nje, nyonyesheni hapahapa, leo ni siku yao.

Naomba nianze na karatasi tatu. Miaka kadhaa nyuma nikiwa zamu kliniki ya watoto aliingia mama mmoja, kambeba mtoto wa miezi kumi hivi, shingoni upande wa kushoto ana uvimbe laini kama puto lenye maji. Yule mama hata hakukaa. Alifungua pochi akatoa karatasi tatu, zimekunjwa mpaka zimechakaa, akazipanga mezani moja moja, akaniuliza, "Sista, hivi mwanangu ana magonjwa matatu?"

Nikazisoma. Ya kwanza imeandikwa hemanjioma. Ya pili limfanjioma. Ya tatu higroma. Sehemu tatu, wataalamu watatu, na kila mmoja kamwambia la kwake: wa kwanza kasema subiri utaisha wenyewe, wa pili kasema operesheni, wa tatu kasema hayo ni maji tu usiwe na wasiwasi, alafu katikati ya hizo safari shemeji yake akamwambia hawa wanabahatisha tu twende kwa mganga, na mganga naye akatoa jina lake, la nne hilo.

Sasa nawauliza nyie, yule mama alikosea kuuliza? Ungekuwa wewe ungefikiria nini?

Mtoto hakuwa na magonjwa matatu. Alikuwa na kitu kimoja. Mishipa ya limfu, ile inayokusanya maji ya mwilini na kuyarudisha kwenye damu, haikujengeka vizuri akiwa bado tumboni, ikabaki vifuko vifuko vimejaa maji. Basi. Limfanjioma na higroma ni majina mawili ya zamani ya kitu hichohicho, ambacho siku hizi kinaitwa kasoro ya mishipa ya limfu, kuna yenye vifuko vikubwa na kuna yenye vidogo. Na ile hemanjioma? Hiyo haikuwa jina la zamani. Hiyo ilikuwa kosa, maana hemanjioma ni uvimbe wa mishipa ya damu, sio ya limfu.

Kitu kimoja kuwa na majina matatu ni tatizo, lakini nataka niwaambie hilo ndio dogo. Kubwa ni kinyume chake, jina moja kubebeshwa vitu kumi. Na jina lenyewe ndio hilo, hemanjioma. Semeni na mimi, hemanjioma. Wangapi humu mmewahi kuliona kwenye karatasi ya mtoto? Mikono juu. Mnaona? Karibu ukumbi mzima.

Mtoto akizaliwa na alama nyekundu, hemanjioma. Uvimbe wa bluu mdomoni, hemanjioma. Kitu kinapiga kama moyo nyuma ya sikio, hemanjioma. Mtu mzima wa miaka hamsini kapimwa ultrasaundi, kaonekana na doa kwenye ini, hemanjioma. Yani ni kama mtu anafuga ng'ombe, mbuzi na kuku, alafu wote anawaita ng'ombe, siku mganga wa mifugo akija na sindano ya ng'ombe si ataua kuku?

Tumefikaje hapa? Tumerithi. Karne ya 19 kule Ujerumani alikuwepo daktari mkubwa sana, Rudolf Virchow, kwa zama zake alifanya kazi ya maana, aliangalia vitu hivi kwa darubini akaviita anjioma, akavigawa kwa jinsi mishipa inavyoonekana, hii ya kawaida, hii yenye mapango, hii iliyojisokota. Ni mgawanyo wa umbo tu. Haukumwambia mtu kama kitakua au kitaisha, na mama anataka kujua nini kama sio hicho? Huku mtaani nako, Ulaya huko, watu wakaita kwa vyakula, alama ya stroberi, doa la divai, tunda la cheri, doa la samaki salmoni. Sasa mimi naomba nisimame kidogo hapa. Mwanafunzi wa uuguzi anafundishwa atafute doa lenye rangi ya divai nyekundu, anakariri, anafaulu, anakuja wodini, watoto wetu weusi. Kwenye ngozi nyeusi lile doa linaweza kuonekana kama weusi uliozidi tu, kama baka. Stroberi yenyewe inaweza kuonekana ya zambarau au nyeusi nyeusi. Kwahiyo anampita mtoto mwenye doa hilo la divai, la kapilari, yani mishipa ile myembamba kabisa ya damu, kwenye paji la uso na kope, anaandika baka la kuzaliwa, anaruhusu. Na doa likikaa pale, paji la uso na kope ya juu, macho ya yule mtoto yanatakiwa yapimwe presha, na wazazi waambiwe kuhusu degedege, maana wengine kasoro hiyo inaingia mpaka kwenye utando wa ubongo. Jina lililotungwa kwa kuangalia ngozi ya watu wengine linaweza kumgharimu mtoto wa kwetu jicho. Hili linaniuma na nitalisema kila nitakaposimama.

Haya, turudi. Mwaka 1982 kule Boston, Marekani, daktari wa upasuaji anaitwa John Mulliken na mtafiti mwenzake Julie Glowacki walifanya kitu rahisi mtu akikielezea, ila kimebadilisha kila kitu. Hawakuuliza rangi, hawakuuliza linafanana na tunda gani. Waliuliza, je, seli zinazotandika ndani ya mshipa zinazaana au zimetulia? Wakakuta makundi mawili. Kundi la kwanza seli zinazaana kwa fujo, uvimbe unakua haraka mtoto akiwa mchanga, alafu unapoa, unasinyaa wenyewe pole pole kwa miaka. Hiyo ndio hemanjioma ya watoto wachanga, hiyo tu. Kundi la pili seli zimetulia tuli, tatizo ni kwamba mishipa yenyewe ilijengwa vibaya tokea tumboni, iwe ya kapilari, ya vena inayorudisha damu kwenye moyo, ya limfu au ya ateri inayoitoa. Hiyo ni kasoro ya mishipa, na inakua na mtoto jinsi anavyokua.

Mimi huwa nawaelezea wazazi hivi. La kwanza ni magugu baada ya mvua, leo hamna kesho yamejaa uwanja, alafu kiangazi kikija yanakauka. La pili ni bomba lililofungwa vibaya siku nyumba inajengwa. Utakaa usubiri bomba likauke? Litakauka lini? Miaka ishirini utalikuta palepale, na labda limeanza kuvuja.

Mwaka 1996, Roma, chama cha kimataifa cha wataalamu wa magonjwa haya kikaupokea mgawanyo huo rasmi. Wakauongezea nyama 2014, wakaupitia tena 2018, maana vipimo vya vinasaba vilikuwa vimefungua mengi, mfano 2013 ilijulikana kwamba lile doa la divai linatokana na hitilafu ya jeni moja, GNAQ, iliyotokea mtoto akiwa tumboni, sio mama alishikwa na hamu ya kitu akajikuna, sio mwezi ulipatwa, mama zangu naomba hili mlibebe mwende nalo nyumbani, hamkufanya kosa lolote.

Kwahiyo majina sahihi yapo, zaidi ya miaka arobaini sasa. Na watu wameyatumia? Watafiti wa Boston walikusanya makala za kitaalamu za mwaka 2009 zilizotumia neno hemanjioma, zilikuwa 320. Wakazisoma. Asilimia 71 zimelitumia vibaya. Makala za kitaalamu hizo, sio karatasi ya zahanati, ni maprofesa. Na wagonjwa waliopewa jina lisilo lao ndio waliokuwa kwenye hatari ya kupewa matibabu yasiyowafaa. Kwahiyo tabibu mwenzangu uliyeandika vibaya usijifiche, tupo wengi, tatizo ni la dunia nzima. Ila mtoto aliye mbele yako ni wako, hilo la dunia halimsaidii.

Nitawapa mtoto mmoja. Binti, alizaliwa na kauvimbe kadogo ka bluu mdomo wa chini, laini, ukikabonyeza kanazama ukiachia kanajaa, akilia kanavimba. Sehemu moja, sitaitaja jina, waliandika hemanjioma wakamwambia mama mtoto akifika darasa la kwanza kitakuwa kimekwisha. Yule mama akasubiri. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akawa anakipiga picha kila siku ya kuzaliwa ya mtoto, anazilinganisha, anajiambia naona kama kimepungua. Hakikupungua. Binti akaanza darasa la kwanza na mdomo umening'inia, meno ya chini yamesukumwa, wenzake wanamwita jina ambalo sitalirudia hapa. Mama akaja kwetu akasema, "Sista, muda wake umefika, mbona hakiondoki?"

Mbona hakiondoki? Kwasababu haikuwa hemanjioma. Ilikuwa kasoro ya vena, na vena haziondoki kwa kusubiri. Miaka sita yule mama alikaa na ahadi ya ugonjwa mwingine. Ahadi ilikuwa ya kweli, ila haikuwa ya mtoto wake! Nani alimdanganya? Hamna aliyekusudia kumdanganya. Neno ndio lilimdanganya.

Sasa geuza shilingi upande wa pili, maana kuna wanaoumizwa na kusubiri wakati dawa ipo. Madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, Christine Léauté-Labrèze na wenzake, walikuwa na mtoto mwenye hemanjioma ya puani, ya kweli hii, wakampa steroidi kama ilivyokuwa kawaida, msuli wa moyo ukamletea shida, wakampa propranolo kwa ajili ya moyo. Propranolo, vile vidonge vya presha ambavyo hata bibi yako huenda anavyo kabatini. Kesho yake wanaangalia, uvimbe umebadilika rangi, kutoka nyekundu kali umekuwa zambarau, umelainika. Hawakuwa wakitafuta hicho! Wakajaribu kwa mtoto mwingine, na wengine, 11 jumla, wakachapisha mwaka 2008, na leo hiyo ndio dawa ya kwanza duniani kwa hemanjioma inayohitaji matibabu.

Lakini dawa hiyo inasikiliza jina. Ukimpa mtoto mwenye kasoro ya vena haifanyi kitu. Ukimpa mwenye kasoro ya limfu haifanyi kitu. Umemweka mtoto kwenye hatari ya sukari kushuka na mapigo ya moyo kupungua, na mwenye pumu kifua kumbana, bure. Nasisitiza, asiende mtu dukani kununua kwa sababu sista kasema, kipimo chake kinapigwa kwa kilo za mtoto na daktari, na mtoto anapewa akiwa ameshanyonya.

Na ina muda wake. Hemanjioma inakua kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote kati ya wiki ya tano na ya nane ya maisha. Wiki, sio miezi. Wakunga mnanielewa? Ni hapo mama anapoleta mtoto chanjo za wiki ya sita. Ukiliona doa kwenye kope, puani, mdomoni, au kubwa usoni, hiyo siku ya chanjo ndio siku ya rufaa. Ukimwambia arudi akifika mwaka, umri wa kukua umeshapita, kovu limeshakaa.

Ngoja niwape kisa kingine cha jina, cha zamani, nakipenda kwa sababu kinaonyesha neno linavyoweza kukaa na uongo miaka mingi. Mwaka 1940 madaktari wawili wa Marekani, Kasabach na Merritt, walieleza habari za mtoto mchanga mwenye uvimbe mkubwa wa mishipa, chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, zikashuka, anavilia damu ngozini. Wakaandika hemanjioma. Basi kuanzia hapo vitabu vyote, hemanjioma kubwa inakula chembe sahani, vizazi na vizazi vya madaktari wakafundishwa kuiogopa. Mpaka 1997! Makundi mawili ya watafiti yakarudi kuangalia kwa darubini vinyama vilivyokatwa kwenye uvimbe wa namna hiyo, kumbe havikuwa hemanjioma ya kawaida kabisa, ni aina nyingine za uvimbe, adimu, zenye majina yake na matibabu yake. Miaka 57. Na mwaka 2000 mtaalamu wa kuchunguza vinyama, Paula North, akaonyesha kwamba hemanjioma ya kweli ina protini inaitwa GLUT1 na zile kasoro hazina, kwahiyo kama kuna ubishi kinyama kinaweza kuujibu.

Nataka kugusa ya watu wazima haraka. Mjomba wangu alipimwa tumbo, karatasi ikasema hemanjioma ya ini. Kijana mmoja wa pale nyumbani akamwambia hiyo "oma" mwishoni maana yake kansa. Mzee akaita watoto wote, akaanza kugawa shamba. Wiki mbili hali, hasemi, analala anaangalia ukuta. Nilipofika nikaisoma karatasi, ni doa la sentimita mbili, kitu ambacho kwa watu wazima ni cha kawaida kabisa na wengi wanakufa kwa uzee hawajui wanacho. Wataalamu wengi wa mgawanyo huu mpya wanasema hiyo nayo ni kasoro ya vena tu, jina la zamani limeng'ang'ania. Herufi tatu zimempunguza mzee kilo. Aliyepima angeongeza sentensi moja, "sio kansa", ingemgharimu nini?

Sasa tujiangalie na sisi na Kiswahili chetu, tusiwalaumu Wajerumani peke yao. Mshipa. Mshipa ni nini? Aniambie mtu. Eh, huyu kasema wa damu. Yule kasema neva. Baba pale kasema ngiri, na yuko sahihi, mtu akisema "ana mshipa" wengi wanaelewa ngiri au busha. Mwingine akikaza shingo tunasema katoa mishipa. Neno moja, mambo manne.

Kuna mtoto wa kiume aliletwa na bibi yake, uvimbe juu ya paja karibu na kinena. Bibi akaulizwa mtoto ana nini, akajibu vizuri kwa Kiswahili chake, "Ana mshipa." Aliyekuwa anaandika akaandika ngiri. Hakubonyeza, hakumsimamisha wala kumlaza, hakupeleka ultrasaundi. Faili likatembea na neno ngiri mpaka chumba cha upasuaji, na pale kisu kilipoingia hapakuwa na utumbo, ilikuwa damu, kasoro ya vena imetambaa mpaka ndani ya paja. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, aliongezewa damu chupa mbili usiku ule. Bibi yake alikaa kwenye benchi mpaka asubuhi anasema, "Mimi niliwaambia ni mshipa." Na kweli aliwaambia.

Bibi yule hakuwa na kosa hata chembe. Kazi ya kuuliza "mshipa wa nini, bibi?" ilikuwa yetu. Maneno tunayo: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, mshipa wa limfu, ateri inayotoa damu kwenye moyo, vena inayoirudisha, kapilari zile nyembamba za katikati. Watoto wa sekondari wanayajua. Kwanini tukivaa koti jeupe tunayasahau?

Kwahiyo wenzangu, ninachowaomba ni hiki. Kama huna uhakika wa jina, usiandike jina. Andika ulichokiona. Andika lilikuwepo siku aliyozaliwa au lilitokea baada ya wiki mbili, maana hemanjioma nyingi zinajitokeza wiki za mwanzo na kasoro zipo tokea kuzaliwa hata kama hazijaonekana. Andika linakua haraka kuliko mtoto au linakwenda naye. Weka kidole, linazama na kujaa? Linavimba akilia au akiinama? Weka kiganja, kuna joto, kuna mtetemo, linapiga kama moyo? Likipiga simama hapohapo, hiyo huenda ni ateri imeungana na vena bila kapilari katikati, usichome kitu, usikate, na asije mtu akafunga mshipa unaolilisha akadhani amemaliza, litavuta mishipa mingine na kurudi baya zaidi. Mpeleke kwenye ultrasaundi ya dopla, ile inayoonyesha damu inavyotembea, rufaa. Karatasi yenye "uvimbe wa bluu, unazama ukibonyezwa, upo tokea kuzaliwa, haupigi" itamsaidia daktari bingwa kuliko karatasi yenye "hemanjioma" na muhuri mkubwa.

Na wazazi, mna haki ya kuuliza maswali mawili tu. Ni mshipa wa aina gani? Na hiki ni kitu cha kuisha chenyewe au cha kukua naye? Ukipewa jibu mwombe aliandike, usiogope kuonekana mjuaji.

Yule mama wa karatasi tatu mtataka kujua aliishia wapi. Mtoto alipata rufaa, wakavichoma vile vifuko sindano za dawa ya kuvikausha, zaidi ya mara moja, vikasinyaa, sio vyote, shingo bado imejaa kidogo ukiangalia vizuri. Anasoma sasa. Mama alinunua daftari lenye jalada gumu akanipa peni, akasema, "Sista niandikie jina lenyewe kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, na lile la kidaktari chini yake." Nikamwandikia. Kila anakokwenda analifungua ukurasa wa kwanza kabla hajasalimia, na zile karatasi tatu amezibana nyuma kwa pini, ameziandikia kwa mkono wake, moja moja, "za zamani".

Mimi naishia hapo. Madaktari wetu wako tayari pale meza ya kushoto. Waliokuja na watoto wapite, na naomba waanze wenye watoto chini ya miezi mitatu, hao wengine mtuvumilie.